Nilirudi Nyumbani Kuvaa Suruali

Wasomaji wangu mmezoea kunikuta hapa na utani kidogo kabla sijaingia kwenye jambo lenyewe. Leo sina utani. Juzi tumemzika fundi wetu wa cherehani hapa Amu. Bintiye alinipigia simu mara tu baada ya sala ya alfajiri, akasema maneno mawili, "Mwalimu, baba," nami nikajua. Jina la marehemu silitaji, maana mwenyewe hakupenda kusemwasemwa, na watu wa hapa wameshamjua. Kama uliwahi kuvaa sare ya shule katika kisiwa hiki, au suruali ya harusi, huenda kiuno chako kilipimwa kwa utepe wake. Naandika nikiwa na huzuni, lakini sitawadanganya: huzuni imekuja ya pili. Iliyotangulia ni hasira. Nimeghadhibika, na nataka kusema kwa nini, hata kama nusu ya ghadhabu hiyo itanirudia mwenyewe.

Fundi huyu aliwashonea watu suruali maisha yake yote, na yeye mwenyewe sikumwona nayo hata siku moja. Kikoi asubuhi, kikoi jioni, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya viua, basi. Ukimtania juu ya hilo hakukawia kukujibu. "Nazishona, sizivai," alikuwa akisema huku ameshika pini kwa meno. "Kwani mwenye kuchonga jeneza hulilalia?" Na msidhani alijifungia tu kitambaa chochote. Alikuwa na kikoi cha kazini, cha kwendea msikitini, cha kwendea kuposa na kuzika, na kimoja cheupe chenye taraza nyekundu pembezoni ambacho kilitoka sandukuni siku za Idi peke yake. Mimi nina digrii, na sikuwahi kuwa na mpango mzuri wa mavazi kama ule.

Hapa niingize kisa kimoja, mtanivumilia. Kuna Mskoti mmoja mzee anayeishi Shela miaka mingi, mtu aliyenunua gofu akaliinua polepole mpaka likawa nyumba. Kiswahili anakijua, tena Kiamu, kwa sababu alikiokota kwa mafundi wa mawe na wala si kitabuni. Siku moja alikuja dukani kwa fundi na furushi, nami nimeketi pale barazani nikinywa kahawa. Ndani ya furushi mlikuwa na ile nguo ya wanaume wa kwao, wenyewe huiita kilti: sufu nzito ya mirabaraba, marinda nyuma, urefu wake unaishia magotini. Nondo walikuwa wameitafuna. Fundi aliigeuza huku na huku, akahesabu marinda moja moja kwa kidole, akanusa kitambaa. Mwishowe akainua kichwa. "Hii," akasema, "ni kikoi kilichopotea ndia kikafika kwenye baridi." Tulicheka sote, na Mskoti ndiye aliyecheka zaidi. Kazi ile ilimchukua wiki kadhaa, kwa sababu alisema ukifumua rinda moja, jirani zake wote hulegea, na hakutaka kuharibu nguo ya heshima ya watu. Alipoikabidhi alitoa sharti: "Siku ukiivaa, ndoo unioneshe. Nguo siijui mpaka niione ina mtu ndani." Mskoti akaahidi kuja kumwonesha. Lakini nani avae sufu katika joto letu hili? Ahadi ikakaa.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu mkuu, na mwaka mmoja tulitayarisha siku ya kutoa tuzo, tukaalika wakubwa wa elimu kutoka bara. Niliwaandikia wazazi barua. Hakuna aliyenituma, wizara haikuniagiza. Nilikaa mezani pangu nikaibuni mwenyewe. Wazazi wa kiume, niliandika, waje wamevaa suruali, kwa heshima ya wageni. Bintiye fundi ndiye aliyekuwa wa kwanza shule nzima. Na suti yangu ya siku hiyo ilishonwa na nani? Na fundi huyo huyo.

Nilikuwa nimesimama langoni nikiwapokea watu alipotokea. Alikuwa amevaa kile kikoi cheupe cha Idi. Nilimwambia kwa sauti ya upole, na upole ule ndio unaonichoma mpaka leo, "Fundi, barua hukuipata?" Akasema, "Niliipata." Nikasema, "Basi nenda ukabadili, bado kuna wakati." Hakunitazama usoni. Alitazama suruali yangu. Akainama kidogo, akavuta mshono wa pembeni kwa vidole viwili ukanyooka. "Imekukaa vizuri, Mwalimu," akasema, akaondoka zake. Dukani kwake mlikuwa na suruali za watu tele zikingoja wenyewe, na angeweza kujitia yoyote akarudi. Hakuvaa suruali ya mtu. Binti alipoitwa jukwaani alitupa macho kwenye viti vya wazazi, akatafuta, hakuona. Tulipiga makofi yakaisha. Yalipoisha tukasikia makofi ya mtu mmoja nje ya ukuta, anaendelea kupiga. Wageni walicheka, wakidhani ni mtoto anacheza.

Wallahi hakuwahi kunitajia siku ile. Aliendelea kunishonea, aliendelea kuniagizia kahawa nikipita, na mimi nikaendelea kumchukulia kama mtu asiyekumbuka. Mtu asipolalamika, sisi hujiaminisha kwamba amesamehe, maana ni rahisi kwetu. Miaka ikapita. Mara kadhaa nilikaa pale barazani nikiwa na neno la radhi mdomoni, mteja akaingia, au punda akapita akatulazimisha kuinua miguu, neno likarudi tumboni. Nikajiambia, kesho. Ukiwa na mtu unayemwona kila siku, kesho ziko nyingi.

Mwaka huu kifua kikamlaza. Alikaa nyumbani mpaka nyumbani pakashindwa, akapelekwa hospitali. Ni hospitali gani, siitaji, maana ugonjwa ninaousema umeenea ofisi nyingi. Siku moja kabla fundi hajafa, bintiye, ambaye sasa ni mama wa watu, alinipigia simu adhuhuri. "Mwalimu, baba akuulizia tangu asubuhi. Asema, mwambieni aye, dunia si ya kuwekeana." Nilikaa kitako. Nilijua anachoniitia, na nilijua ninachodaiwa: neno moja, nisamehe. Nikasali alasiri, nikaingia ndani, nikatoa kikoi changu cheupe, kizuri kuliko vyote. Nilikichagua makusudi, msomaji. Nilitaka kumwomba radhi nikiwa nimevaa nguo kama ile iliyonifanya nimrudishe langoni. Nikaona nimefanya jambo la maana sana. Kumbe.

Getini palikuwa na ubao: vikoi, kaptura na singlendi haviruhusiwi. Mlinzi ni kijana wa Pate ambaye nilimfundisha mwenyewe. Akasimama kwa adabu. "Shikamoo, Mwalimu." Nikamwitikia, nikataka kupita. Akanyoosha mkono, akaurudisha kwa haya, akaunyoosha tena. "Mwalimu, utaniwia radhi. Kwa kikoi siwezi kukupitisha."

"Mgonjwa wangu ni mahututi, mwanangu."

"Najua, Mwalimu. Ni utaratibu."

Tukiwa hapo hapo, watu wakaanza kugeuza shingo. Kina mama waliokaa kwenye ukingo wa ukuta na vyombo vyao vya uji wakajiziba midomo kwa buibui. Nami nikageuka. Anakuja Mskoti wetu kutoka gatini, amepanda boti kutoka Shela, na mwilini ana ile kilti! Marinda yanacheza nyuma, soksi za sufu mpaka chini ya magoti, na magoti yenyewe mekundu kama kamba aliyechemshwa. Jasho linamtiririka. Alikuwa amesikia hali ya fundi, na akakumbuka ahadi. Kijana wangu akajiweka sawa, akafungua geti lote. "Karibu, mzee! Karibu sana!"

Damu ilinipanda. "Na huyo je?"

"Huyu ni mgeni, Mwalimu. Ile ni nguo rasmi ya kwao."

"Magoti yake yako nje!"

"Ubao haukuitaja."

"Na hii yangu, iliyonifunika mpaka kifundo cha mguu?"

"Hiyo ni nguo ya nyumbani, Mwalimu."

"Na hapa ni wapi? Mimi hapa siko nyumbani?"

Kijana akainamisha kichwa. Hakuwa na ubaya, maskini, alikuwa na mshahara. Akasema kwa sauti ya chini, ili kina mama wasisikie, "Utaniponza, Mwalimu. Na hata wewe shuleni hukuruhusu. Mimi nilikuwapo siku ile." Nyani haoni kundule, lakini mimi siku ile nilioneshwa langu mchana kweupe, na aliyenionesha ni mwanafunzi wangu.

Mskoti alikuwa amesimama ndani ya geti anasikiliza. Akatoka tena, akaja mpaka nilipo, akanishika bega. "Mwalimu, ndoo," akasema. "Tubadilishane. Mimi nivae chako, wewe uvae changu. Tuone yeo ataingia nani." Nilidhani anatania. Hakuwa akitania, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kifungo cha ngozi ubavuni. "Kuna choo pale," akasema. "Dakika tano." Kina mama wakaangua kicheko, mmoja akasema, "Haya Mwalimu, tukuone na marinda!" Nami nikafanyaje? Nikaona haya. Mtu mzima, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye safu yake gazetini, nivae sketi mbele za watu? Nikasema, "Hapana, wewe ingia, usimchoshe. Mimi narudi sasa hivi." Nilipopewa mlango wa kuingilia, niliukataa kwa sababu ya magoti yangu.

Nikaondoka kwenda kwangu kuvaa suruali. Na vichochoro vyetu mnavijua, hapana haraka ndani yake. Punda wa mawe wamepangwa safu, mwenyewe anapakua kimoja kimoja, na mimi nimebanwa ukutani nasubiri. Nilipofika, mke wangu akanitolea suruali, na suruali ipi ninayo ambayo hakuishona fundi? Nikaivaa, nikatoka. Nilipokaribia getini mara ya pili adhana ya magharibi ilikuwa ikilia, saa ya kutazama wagonjwa imekwisha. Kijana alikuwa karibu kulia. "Kesho asubuhi, Mwalimu. Nitakupitisha mimi mwenyewe." Nikasema, inshallah kesho. Na wacha niseme ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza: ndani yangu nilipata nafuu kidogo. Nilikuwa nimepewa kesho nyingine.

Hebu niambieni, jamani, hii ni nti ya nani? Nenda Shela uingie katika hoteli yoyote ya kifahari, utawakuta vijana wetu wanaobeba sahani wamelazimishwa kuvaa vikoi, kwa sababu mgeni anapenda kuona utamaduni. Vikoi vimetundikwa madukani kutoka mwanzo wa barabara mpaka mwisho. Siku za tamasha wakubwa wetu hujifunga vikoi juu ya suruali, wakapanda jukwaani kutuhubiria kwamba mwacha asili ni mtumwa. Wakishuka wanavifungua, na siku ya kazi ikifika wanaandika ubao. Kikoi kikivaliwa na mtumishi wa hoteli ni utamaduni. Kikivaliwa na mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa wake ni utovu wa adabu. Nimeuliza kwa wanaojua sheria, wakaniambia hakuna sheria ya namna hiyo. Kuna mtu tu, aliyekaa mezani pake siku moja, akaamua kwamba heshima ina miguu miwili na zipu. Namjua mtu huyo. Nimekuwa mtu huyo.

Na jambo linalonikera zaidi ni kwamba hatukulazimishwa na yeyote. Angekuwa mgeni ametuwekea ubao ule tungekwenda msikitini tukatoa hotuba. Lakini ubao uliandikwa na wa kwetu, unalindwa na wa kwetu, na unatiiwa na wa kwetu. Hivi tumesahau tunavaa nini tukienda Makka? Tajiri na maskini, waziri na mvuvi, hujifunga kiunoni kitambaa kisichokuwa na mshono hata mmoja, wakasimama mbele ya Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nguo iliyokubaliwa huko haitoshi kupitia kwenye geti la chuma hapa Amu! Na tuachane na dini ukitaka. Mgonjwa aliye kitandani anataka kumwona nani? Anataka kumwona mtu wake kama anavyomjua. Fundi alinijua kwa vipimo vyangu vyote, hakuhitaji kuoneshwa suruali.

Asubuhi ya pili, baada ya ile simu ya alfajiri, nilikwenda hospitali kusaidia kumtoa marehemu. Nilivaa suruali bila hata kufikiri. Kijana wangu alifungua geti kabla sijafika, akapiga saluti, na sote wawili hatukuangaliana. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Binti alikuwa amekaa kando akikunja kikoi cha baba yake, anakikunja, anakikunjua, anakikunja tena. Aliniangalia akasema, "Alikungoja, Mwalimu." Hakusema kwa lawama. Ningependa angelaumu.

Mazikoni Mskoti alikuja amevaa kikoi na kofia, akasimama pembeni kwa heshima zake. Nikamvuta kando, nikamuuliza fundi alisema nini. Akaniambia fundi alipomwona na ile kilti alimwamuru ageuke, akakagua marinda yote kutoka kitandani, akaridhika. Kisha akauliza, Mwalimu yu wapi? Mskoti akamweleza kwamba nimezuiwa getini kwa sababu ya kikoi. "Aliteka," akasema Mskoti kwa Kiamu chake, yaani alicheka. "Aliteka mpaka akakohoa, binti akaniangalia vibaya. Kisha akaniuliza, kikoi gani? Nikamwambia cheupe. Akasema, aa." Nikamuuliza, baada ya hapo? Akasema, "Baada ya hapo alifunga mato, akalala." Ile "aa" nimeigeuza kichwani tangu juzi, kila upande. Mara nadhani ni msamaha. Mara nadhani ni mtu aliyechoka kungoja.

Kabla ya sala ya jeneza, nduguye marehemu alisimama mbele yetu, kama ilivyo ada. Akasema, huyu mwenzenu ameishi nanyi, na binadamu hakosi kukosea, kama alimkosea mmoja wenu kwa neno au kwa tendo, twamuombea radhi. Je, mumemsamehe? Safu zote zikaitika, "Tumemsamehe." Mimi nilikuwa nangoja aulize na upande wa pili: je, kuna aliyemkosea marehemu? Hakuuliza. Haulizwi, kwa sababu hakuna wa kujibu. Basi nikafungua mdomo nami nikasema, nimemsamehe. Nilimsamehe mtu ambaye hakunikosea hata kwa mshono mmoja.

Ubao ule ung'olewe, na aliyeuandika aone haya, na barua yangu ya mwaka ule ihesabiwe pamoja nao. Lakini wewe msomaji uliye na mtu wa kumwomba radhi, usingoje ubao ung'olewe, wala usiende kubadili nguo. Nenda ulivyo. Wakikuzuia, simama hapo hapo nje ya ukuta ulitaje jina lake, uombe radhi kwa sauti, mpaka akusikie.